Asili ya Maneno ya Utabibu katika Kiswahili

Kila mwalimu wa shule na kila mchungaji azungukaye vijijini hujikuta, apende asipende, amekuwa mkalimani wa tabibu. Mama huleta cheti cha zahanati kilichoandikwa ya kuwa mtoto wake ana upungufu wa damu. Mzee huambiwa ana kisukari, naye huuliza sukari hiyo imeingiaje mwilini hali hana fedha ya kununulia hata kilo moja. Kijana husoma kitabuni neno vitamini au homoni, akataka kujua ni vitu gani. Walioandika maneno hayo hawapo. Aulizwaye ni mwalimu.

Basi yafaa tujue maneno hayo yalitoka wapi, na kwa nini yaliwekwa, na leo yana maana gani. Maana jina la ugonjwa si alama tupu kama namba ya sanduku. Ndani yake mna mawazo ya watu walioliweka, na mawazo hayo huendelea kuwaongoza walitumiao hata baada ya elimu kubadilika. Jina jema humfikisha mgonjwa kwenye dawa. Jina baya humchelewesha njiani, pengine hata akafa.

I. Maneno ya wazee wetu

Fungu la kwanza ni maneno ya asili ya Kibantu. Moyo, ini, nyongo, figo, utumbo, mfupa: haya hatukuyaazima kwa mtu. Mzulu wa Afrika ya Kusini husema inyongo, nasi twasema nyongo, ingawa kati yetu ni safari ya siku nyingi. Wazee walichinja wanyama, wakawapasua, wakagawa nyama kwa utaratibu, na kila kiungo wakakipa jina lake.

Lakini kujua kiungo ni jambo moja, na kujua kazi yake ni jambo la pili. Moyo kwa Mswahili ni makao ya nia na ushujaa. Ndiyo maana twasema mtu amepiga moyo konde. Kwa Kichewa neno moyo ni uhai wenyewe, na kile kipigacho kifuani huitwa mtima, neno ambalo washairi wa pwani nao walijua. Kwamba moyo husukuma damu nayo ikazunguka mwili mzima na kurudi, hilo lilionyeshwa na tabibu Mwingereza William Harvey katika kitabu alichokitoa mwaka 1628. Kwa hiyo mtu akisema, "Moyo waniuma," msikilizaji asikate neno upesi. Huenda ana huzuni, huenda ana kiungulia, na huenda kweli moyo wa nyama ndio ulio mgonjwa. Aulizwe kwanza.

II. Maneno yaliyopita kwa Waarabu

Fungu la pili lilikuja na majahazi. Tabibu, dawa, homa, belghamu na safura ni maneno ya Kiarabu, na baadhi yake yana asili iliyo mbali zaidi. Wayunani wa kale, kama Hippocrates na baada yake Galen, walifundisha ya kuwa mwilini mna maji ya namna nne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Yakilingana, mtu ni mzima. Moja likizidi, mtu ni mgonjwa. Katika karne ya 9 Hunayn ibn Ishaq wa Baghdad alitafsiri vitabu vingi vya Galen, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, akayapanga mafundisho hayo katika kitabu chake kikubwa cha Kanuni. Neno letu belghamu, yaani kohozi, ni neno la Kiyunani lililopita kinywani mwa Waarabu kabla ya kufika Mombasa na Unguja.

Neno safura ndilo lenye mafundisho zaidi. Kwa Kiarabu ni umanjano, tena ni nyongo ya manjano, mojawapo ya yale maji manne. Pwani jina hilo likapewa ugonjwa ambao mtu hupauka, akavimba uso na miguu, akachoka bila kazi, na pengine akatamani kula udongo. Angalia sasa: jina lataja rangi, wala halitaji chanzo. Chanzo ni mnyoo mdogo wa utumbo, ambao Mwitalia Angelo Dubini aliuona kwa mara ya kwanza mwaka 1838 alipopasua maiti mjini Milan. Mnyoo huu huuma utumbo ukanywa damu. Mwaka 1898 Arthur Looss, aliyekuwa Misri, alitoa habari ya kwamba kijidudu chake huingia kwa kutoboa ngozi, na kwa watu wengi ni ngozi ya miguu iliyokanyaga udongo wenye kinyesi.

Hapa twaweza kueleza na "upungufu wa damu". Watu wengi husikia maneno haya wakadhani ya kuwa damu imepungua wingi wake kama maji mtungini. Sivyo hasa. Ndani ya damu mna chembe nyekundu, ndogo mno, na ndani ya chembe mna kitu kiitwacho hemoglobini, chenye madini ya chuma. Kazi yake ni kubeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Chembe hizo zikipungua, au chuma kikikosekana, mtu huwa kama mji wenye njia nyingi na wachukuzi wachache. Ndipo achokapo na kuhema. Kwa hiyo mwenye safura hatibiwi rangi yake: hupewa dawa ya minyoo na vyakula au vidonge vyenye chuma, na kijiji chake huchimba vyoo na kuvaa viatu.

III. Homa, mbu na degedege

Homa ni neno la Kiarabu la ujoto wa mwili, na watu wengi hulitumia kwa malaria vilevile. Malaria nalo ni neno la Waitalia, na maana yake ni hewa mbaya, kwa kuwa walidhani ugonjwa hutoka katika mvuke wa mabwawa. Waliona bwawa, wakakosa kuona mbu. Mwaka 1880 tabibu Mfaransa Alphonse Laveran, akiwa Algeria, aliona vijidudu vya malaria katika damu ya mgonjwa. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alivikuta vijidudu hivyo tumboni mwa mbu wa namna ya anofelesi.

Sasa sikiliza jambo la nchi yetu. Miaka ileile Mjerumani Robert Koch alipitia Usambara, akaandika ya kuwa Washambaa washukao milimani kwenda nyikani huugua homa, nao huiita homa hiyo mbu, kwa kuwa husema wameumwa na mbu wa huko chini. Jina la Waitalia lilisema hewa, jina la Washambaa lilisema mdudu. Na la Washambaa ndilo lililokuwa karibu na kweli.

Lakini si kila jina la kwetu liliongoza vema. Pwani mtoto mwenye homa kali akikakamaa, akageuza macho na kutupa viungo, ugonjwa wake huitwa degedege. Watu wengi walisema ni pepo aliye kama ndege, ambaye kivuli chake humpitia mtoto. Basi kwa kuwa jina ni jingine, wakahesabu ya kuwa ugonjwa ni mwingine: homa ni ya hospitali, degedege ni ya mganga. Tena wengine walisadiki ya kuwa mtoto wa degedege akidungwa sindano hufa. Twajua sasa ya kuwa mara nyingi hiyo ni malaria iliyozidi, yenye kuufikia ubongo, na saa zipotezwazo kwa kufukiza moshi ndizo zilizokuwa za kumponya. Na mtoto aliyecheleweshwa akifia hospitali, watu husema, "Twalijua hilo, ni ile sindano." Hivyo jina lajipatia ushahidi kwa mauti ambayo limeyasababisha lenyewe.

Mwalimu afanyeje? Akilidharau jina, wazee hawatamsikiliza. Heri aseme, "Degedege ni kilele cha homa, anayekakamaa apelekwe hospitali sasa hivi, wala asingoje asubuhi." Jina libaki, maana yake itengenezwe.

IV. Chanjo

Kuchanja ni neno la zamani: twachanja kuni, na mganga huchanja chale, akapaka dawa juu ya jeraha. Ilipokuja dawa ya kuzuia ndui, nayo ikitiwa kwa kukwaruza ngozi ya mkono, neno lilikuwapo tayari.

Dawa hiyo asili yake ni Uingereza. Edward Jenner alisikia ya kuwa wanawake wakamuao maziwa, wakiisha kuambukizwa ndui ya ng'ombe, hawapatwi na ndui ya watu. Tarehe 14 Mei 1796 alitoa usaha katika lengelenge la mkono wa mkamuaji mmoja, akamchanja nao James Phipps, mtoto wa miaka 8. Baadaye alimtia usaha wa ndui yenyewe, na mtoto hakuugua. Neno la Kizungu la chanjo latokana na neno la Kilatini la ng'ombe jike, kwa sababu hiyo. Mwaka 1881 Louis Pasteur alishauri jina hilo litumike kwa kinga zote za namna hiyo, ingawa hazikutoka kwa ng'ombe, ili kumheshimu Jenner. Neno letu nalo limefanya safari iyo hiyo: leo twasema chanjo ya matone, ambayo mtoto huyameza, wala hakuna kilichochanjwa.

Maana ya chanjo ni hii: mwili huonyeshwa adui aliyedhoofishwa au aliyeuawa, au sehemu yake tu, ili ujifunze kutengeneza kingamwili, yaani askari wa kumtambua adui huyo. Siku adui wa kweli ajapo, askari wako tayari. Ndui, iliyoua watu bila hesabu, iliondoka duniani kwa njia hii. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin wa Merca, Somalia, mwaka 1977, naye alipona. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kuwa ndui imekwisha. Mwenye kuwaambia wazazi ya kuwa chanjo ni hila tupu na awaeleze kwanza ndui ilikwenda wapi.

V. Vitamini

Kiseyeye ni ugonjwa wa ufizi kutoka damu, meno kulegea na makovu ya kale kufunguka. Mabaharia wa Ureno waliokuwa na Vasco da Gama walikufa kwao wengi. Walipofika Malindi mwezi wa Januari 1499, wakirudi kutoka India, mkuu wao alituma mtu pwani kuleta machungwa, kwa kuwa wagonjwa waliyatamani mno. Mwaka 1747 tabibu wa meli James Lind aliwatwaa mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawapa wawili wawili dawa mbalimbali. Waliopewa machungwa na malimau walipona upesi kuliko wenzao.

Lakini kwa nini chungwa liponye? Jibu lilianza kwa kuku. Katika miaka ya 1890 Mholanzi Christiaan Eijkman, huko Batavia, mji uitwao leo Jakarta, aliona kuku walishwao wali mweupe wakipooza miguu kama wagonjwa wa beriberi. Walipolishwa mchele wenye ngozi yake walipona. Mwenzake Gerrit Grijns akaeleza mwaka 1901 ya kuwa tatizo si sumu iliyomo, bali ni kitu kilichokosekana. Hili lilikuwa wazo jipya: mtu huweza kuugua si kwa kilichoingia mwilini tu, bali kwa kisichoingia.

Mwaka 1912 Casimir Funk alikiita kitu hicho kwa jina la vitamini, akiunganisha neno la Kilatini la uhai na amini, namna ya dawa za kikemia zenye naitrojeni. Baadaye ilionekana ya kuwa vitamini nyingi si amini hata kidogo. Basi mwaka 1920 Jack Drummond aliondoa herufi ya mwisho ya jina la Kiingereza, nalo likabaki. Vitamini ya kiseyeye, iitwayo C, ilijulikana hasa mwaka 1932 kwa kazi ya Mhungari Albert Szent-Györgyi na wengine. Ikumbukwe ya kuwa huharibika kwa moto na huyeyuka katika maji: apikaye mchicha saa nzima na kumwaga maji yake amemwaga na dawa.

VI. Vimeng'enya

Neno kimeng'enya ni la Kiswahili kamili, kutokana na kumeng'enya, yaani kulainisha chakula hata mwili ukakitumia. Mjerumani Wilhelm Kühne ndiye aliyeweka jina la Kizungu mwaka 1877, na maana yake kwa Kiyunani ni "ndani ya chachu". Kimeng'enya ni kitu kitendacho kazi ya kugeuza kitu kingine, nacho chenyewe kisiishe.

Hakuna haja ya kwenda mbali kukiona. Mama apikaye togwa hupika uji mzito, huuacha upoe uwe vuguvugu, kisha hutia unga wa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa. Baada ya muda uji hulegea na kuwa mtamu, ingawa hakutia sukari. Sukari imetoka wapi? Katika kimea mna kimeng'enya kinachokata wanga kuwa sukari. Wafaransa Payen na Persoz walikitoa katika kimea cha shayiri mwaka 1833. Mama asipongoja uji upoe, akatia kimea katika uji uchemkao, uji haulegei, kwa kuwa moto huharibu kimeng'enya. Bibi zetu walijua kanuni hii bila kujua jina lake. Wanafunzi nao na watafune kipande cha muhogo uliochemshwa, wasimeze upesi: watauona utamu ukizidi, maana mate yana kimeng'enya cha namna iyo hiyo.

Mwaka 1897 Eduard Buchner alisaga hamira hata chembe zake zikavunjika zote, akakamua maji yake, na maji hayo yakachachusha sukari. Hivyo ilijulikana ya kuwa kazi za uhai zaweza kutendeka hata nje ya kiumbe hai. Hapo ndipo elimu ya kemia ya viumbe iliposimama kwa miguu yake.

VII. Homoni na kisukari

Homoni ni neno la Kiyunani lenye maana ya kuamsha au kusukuma, nalo lilianza kutumiwa na Ernest Starling mwaka 1905. Homoni ni tarishi: hutengenezwa katika kiungo kimoja, ikachukuliwa na damu, ikapeleka amri kwa viungo vingine.

Insulini ni tarishi wa namna hiyo. Mwaka 1869 Paul Langerhans aliona katika kongosho mafungu madogo ya chembe, yaliyotengana kama visiwa. Na neno la Kilatini la kisiwa ndilo lililozaa jina insulini. Kazi yake ni kuamuru viungo vipokee sukari iliyomo katika damu. Wanga wa ugali, wali, muhogo na ndizi hugeuka sukari tumboni. Basi mzee wetu asiyenunua sukari amekula sukari kila siku bila kujua. Insulini isipokuwapo, au mwili usipoitii, sukari hubaki katika damu hata ikamwagika katika mkojo. Ndiyo sababu ya jina kisukari: nalo, kama safura, lataja dalili. Si ugonjwa wa walao sukari tu, wala kuacha chai tamu peke yake hakuutibu.

Kabla ya mwaka 1922 mtoto mwenye kisukari kikali alikuwa hana tumaini. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, mjini Toronto, walipata dawa katika kongosho za mbwa, na mwezi wa Januari 1922 alidungwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14. Dawa ya kwanza ilikuwa na taka. Iliposafishwa na James Collip, kijana alipata nguvu, akaishi miaka mingine 13.

VIII. Maneno tuliyowapa wengine

Mtu asidhani ya kuwa sisi ni waazimaji tu. Homa iitwayo dengue, wengi huona jina lake lilitoka kwetu: tabibu James Christie, aliyekaa Unguja, aliandika ya kuwa Waswahili waliita ugonjwa huo kidinga pepo. Kwashiakoo, ugonjwa wa mtoto kuvimba kwa kukosa lishe, na hasa protini iujengayo mwili, ni neno la Waga wa nchi iitwayo sasa Ghana. Daktari Cicely Williams aliandika habari za ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akalitangaza jina lake, ambalo ni la ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani mdogo wake alipozaliwa. Waga walikuwa wameona chanzo hasa: mtoto ameachishwa maziwa, akapewa uji mtupu. Na chikungunya, homa ikunjayo viungo, ni neno la Wamakonde, lililoingia katika vitabu vya dunia baada ya maradhi ya mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika.

Basi, ndugu walimu, tukikutana na jina la ugonjwa tuulize maswali matatu: Je, lataja dalili, kama safura na kisukari? Je, lataja chanzo cha kweli, kama mbu ya Washambaa? Au lataja chanzo kisicho cha kweli, kama hewa mbaya ya Waitalia na ndege wa degedege? La kwanza lataka kuelezwa, la pili lataka kusifiwa, la tatu lataka kusahihishwa kwa upole na bila kukawia. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na jina lisiloelezwa huficha maradhi sawasawa na mtu afichaye.